Pishi Haijajaa

1

Bango la heshima lilikuwa na uzito wa kilo nne, na Nyamizi Kasanda alilibeba mwenyewe kutoka stesheni, kwa kuwa mji wa Mwasengo haukuwa na mchukuzi hata mmoja. Hilo peke yake lingemshtua mtu mwenye akili zake. Mji wenye ustawi wa asilimia tisini na sita, wa kwanza katika Shirikisho zima la Maziwa, unakosaje mtu wa kubeba mzigo? Lakini Nyamizi alikuwa Mpimaji Mkuu wa Hazina, na watu wa vipimo wana ugonjwa wao: namba ikishasema, macho hunyamaza. Alijiambia kwamba hapa watu wameshiba, nani atake kubeba mizigo ya wenzake?

Akakatiza sokoni. Meza nyingi zilikuwa zimepinduliwa miguu juu. Mzee mmoja alikuwa amekaa mbele ya duka la betri lililofungwa.

"Habari za hapa, mzee?"

"Nzuri tu, mwanangu. Karibu sana."

Muuza mihogo mwenye mafungu mawili tu alisema nzuri. Mama aliyekuwa akifagia uwanja mtupu alisema nzuri. Nyamizi akazidi kuchangamka, maana nzuri hizo alizifahamu. Kwa miaka kumi na tisa zilikuwa zikimfikia Tabora kila siku, zikiwa zimegeuzwa tarakimu.

Katika kila nyumba ya Shirikisho palikuwa na kisikizi, kidude cheusi ukubwa wa kikombe cha kahawa kilichobandikwa ukutani. Mara moja kwa siku, saa isiyojulikana, kilisalimia, na mwenye nyumba akajibu. Kisikizi kilifuta jina, kikapima jibu, kikalituma Tabora kwenye mashine kubwa iliyopewa jina la kile kipimo cha nafaka cha zamani: Pishi. Huko majibu milioni arobaini yalijumlishwa, na kila Jumapili saa nne asubuhi Pishi ilitoa namba tatu. Ya kwanza ilikuwa riba ya mikopo, ya pili kodi ya bidhaa, ya tatu mgao ambao Hazina ilimtilia kila mtu mzima mfukoni. Kata iliyoumia iliongezewa mgao. Iliyonawiri ilipunguziwa, ili fedha isizagae na kupandisha bei. Tangu Pishi ianze, bei ya unga haikuwahi kuruka. Kulikuwa na vijana wenye ndevu ambao neno mfumuko wa bei walilikuta kwenye vitabu vya historia tu.

Bango lilikuwa la ushirika wa chumvi. Mwenyekiti wake, Nkwimba Luhende, alikuwa kwenye kibaraza cha ghala, mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, miguu imepauka kwa chumvi hadi magotini.

"Mwangaluka," Nyamizi alisalimia kwa Kisukuma chake cha kuunga.

"Mwangaluka. Wewe nani unayetembea na mlango mkononi?"

"Nyamizi Kasanda, wa Hazina. Natoka Tabora."

"Kasanda? Mnyamwezi?" Uso wa Nkwimba ulifunguka wote. "Sasa nimeelewa! Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, na wewe hujapona tu. Tua mzigo, mpagazi wangu, nisije nikadaiwa shingo yako."

"Nilitumwa kuwahesabu Wasukuma," Nyamizi akamrudishia, kwa kuwa utani usiojibiwa ni tusi. "Nimefika nikakuta wamejificha nyuma ya ng'ombe."

Wakacheka, wakashikana mikono kwa muda mrefu. "Habari za hapa, mtani?"

"Nzuri," alisema Nkwimba.

Nyuma ya ghala majaruba ya chumvi yalishuka meupe hadi ziwani, yamegawanywa kwa matuta ya udongo. Kwa mbali lilikuwa jambo la kupendeza. Kwa karibu Nyamizi aliona matuta ya kaskazini yamepasuka, na magunia ya chumvi yamepangwa mpaka kwenye paa la ghala, ya chini yameshaanza kuota ukungu. Alifungua kinywa kuuliza, na papo hapo kisikizi cha ukutani kikasema kwa sauti yake tamu:

"Hujambo, mama? Habari za leo?"

"Nzuri," Nkwimba akajibu.

Taa ya kijani ikawaka, ikazimika. Nkwimba hakugeuka. Aliendelea kuutazama ukuta, akasema taratibu, kama mtu anayezungumza na jirani wa kiamboni:

"Ila wanunuzi wa chumvi ya kutengenezea betri hawajaja tangu Februari. Wamepata chumvi ya kiwandani, ya bei chee. Na matuta ya kaskazini yamefunguka. Mvua ikiyakuta hivyo, ziwa litaingia na kufuta kazi ya miaka ishirini na sita. Vibarua wa kuziba tunawalipa kwa ule mgao wa nyongeza, tunajinyima, lakini tutafika." Akanyamaza kidogo. "Bado upo?"

Kisikizi kilikuwa kimya.

"Hakipo," alisema Nkwimba bila hasira. "Hakikai. Kila siku namalizia hivyohivyo, nikidhani labda kimesahau kuaga."

Nyamizi alikaa kwenye gunia bila kukaribishwa. Alijua kwa nini kisikizi hakikai. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, mjanja kuliko wenzake wote, wakati Pishi ya kwanza iliposhindwa kumaliza hesabu kabla ya Jumapili. Watu walikuwa wakiongea mno. Yeye ndiye aliyesimama mkutanini akasema, "Jibu ni jibu. Tuchukue sekunde tatu, tukate." Walimpigia makofi. Mtoto wa Unyamwezini, aliyelelewa na bibi ambaye salamu zake zilichukua nusu saa, alisahau kitu ambacho hata mtoto wa chekechea anakijua: kwamba nzuri ni mlango tu, na nyumba iko nyuma yake. Nzuri husemwa harusini, na husemwa msibani kwa sauti ileile.

"Mbona mimi nimekuuliza habari, ukaniambia nzuri?" aliuliza.

"Ulitaka nikwambie nini? Mgeni hajakaa, hajaonja hata maji, nimmwagie shida kichwani? Kwenu mtu akiulizwa habari anajibuje?"

"Nzuri."

"Halafu?"

"Halafu anasema ila."

"Basi hiyo mashine yenu haina adabu. Inasalimia na kukimbia, kama mtu aliyechoma nyumba. Nani aliyeilea?"

"Mimi."

Nkwimba akalitazama lile bango lililoegemea mlango, maandishi yake ya dhahabu yaking'aa: KATA YA KWANZA KWA USTAWI. "Na hili maana yake nini?"

"Maana yake hali yenu ni nzuri kuliko kata zote." Nyamizi alitamani gunia lipasuke limmeze. "Na kwamba kuanzia Jumapili mnaondolewa mgao wa nyongeza mliopewa kabla hamjapanda hivi."



"Mtani wangu," alisema Nkwimba, "umenipa kazi ngumu leo. Sijui nikutukane au nikupe uji."

Alimpa uji. Nyamizi aliunywa huku machozi yakimtoka, na Nkwimba, kwa heshima, akajifanya anaangalia ziwa.

2

Huko Tabora, ukutani kwa Gavana wa Hazina, Tumsifu Lyatuu, hapakuwa na picha wala cheti. Palikuwa na gunia kuukuu la katani ndani ya fremu ya kioo. Marehemu baba yake, mwalimu wa shule ya msingi, alilipwa kiinua mgongo chake ndani ya gunia lile, limejaa noti hadi shingoni, katika ule mwaka ambao bei zilibadilika kati ya chai na chakula cha mchana. Alipofika dukani, noti zote zilitosha kununua miche miwili ya sabuni.

"Nimekusikia," alisema Gavana. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, na Nyamizi alikuwa hajabadilisha viatu. Bado vilikuwa na chumvi. "Si Mwasengo tu, eti?"

"Nimepitia rekodi za majaribio za zamani, kabla hatujaweka sekunde tatu. Kila mahali wapo wanaosema ila. Mwasengo wameongoza kwa sababu wana adabu kuliko wengine."

Gavana alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtesa Nyamizi. Angekuwa fisadi kazi ingekuwa rahisi.

"Nimeiuliza Pishi," alisema. "Nimeipa njia mbili. Ya kwanza, tutangaze kwamba tumepima vibaya miaka kumi na tisa. Bei zinapanda kwa asilimia tisa ndani ya wiki sita, watu wanakimbilia kununua unga na kuuficha uvunguni. Ya pili, tunyamaze, turekebishe vipimo kidogokidogo kwa miaka minne. Hakuna atakayesikia kitu. Kwa jumla ya ustawi, njia ya pili inaishinda ya kwanza kwa mbali."

"Na Mwasengo?"

"Wataumia misimu miwili."

"Msimu mmoja unatosha, Mheshimiwa. Mvua inaanza baada ya wiki tano. Matuta yakienda, hayarudi."

"Watu elfu sita, Nyamizi. Na upande wa pili milioni arobaini." Alinyoosha kidole kuelekea gunia. "Unajua wewe kuliko mimi bei ni kitu gani. Riba ni robo ya kazi. Robo tatu ni imani. Mwenye duka akiamini kwamba mwezi ujao unga utakuwa bei ileile, hana sababu ya kupandisha leo. Imani hiyo tumeijenga jiwe kwa jiwe. Unataka niivunje kwa sababu ya matuta ya udongo?"

Hoja ile ilikuwa ya Nyamizi mwenyewe. Aliwahi kuifundisha. Alifika mlangoni, mkono kwenye kitasa, ndipo kitu kikamgonga.

"Hesabu ya hizo njia mbili uliipima kwa kipimo gani?"

"Kwa Pishi. Ningeipima kwa kipimo gani kingine?"

"Pishi iliyotoboka."

Gavana akasema kwa upole, "Afadhali pishi iliyotoboka kuliko kupima kwa kiganja." Akavua miwani. "Jumapili unasoma namba. Ukiona huwezi, niambie sasa nitafute mwingine wa kusoma."

"Nitasoma mimi," alisema Nyamizi.

Hakudanganya, wala hakusema kweli. Hakujua bado atafanya nini. Alijua tu kwamba sheria ya Hazina ilimtaka Mpimaji Mkuu, kabla ya kusoma namba, atamke hadharani maneno mawili: Pishi imejaa. Yasipotamkwa, namba za wiki iliyopita huendelea kutumika kwa wiki moja zaidi. Katika miaka kumi na tisa yalikuwa yametamkwa kila Jumapili bila kukosa, na watu walishayaona kama amina ya mwisho wa sala.

Jumamosi asubuhi alifungua programu ya visikizi kwa mkono wake. Akakuta jambo lililomfanya ajicheke kwa uchungu: mashine za sasa zilikuwa na uwezo mara mia wa zile za mwanzo. Zingeweza kungoja. Zingeweza kungoja tangu miaka kumi nyuma. Sekunde tatu zilibaki pale kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza zinafanya nini. Akafuta tatu, akaandika kwamba kisikizi kisubiri hadi msemaji amalize. Kisha, baada ya kufikiri kidogo, akaongeza neno moja la kujibia, kwa yeyote atakayeuliza swali fulani. Hakuiwasha bado. Kubadili kipimo bila kuwaambia wanaopimwa kulikatazwa na sheria, na hata kama kusingekatazwa, alishachoka na kufanya mambo bila kuaga.

3

Jumapili, saa nne kasoro dakika moja, Nyamizi alikaa mbele ya kipaza sauti. Nyuma ya kioo alisimama Gavana, kiganja kimelala juu ya swichi ya kukata matangazo. Karatasi yenye namba tatu ilikuwa mezani. Riba ilibaki ileile. Kodi ya bidhaa ilishuka kwa nukta mbili. Mgao wa nyongeza wa Mwasengo ulikuwa sifuri.

Taa nyekundu ikawaka.

"Wananchi wa Shirikisho," alisema, "habari zenu?"

Akanyamaza. Mtu wa redio hanyamazi. Sekunde moja ya kimya hewani ni kama shimo barabarani. Nyamizi alinyamaza sekunde kumi. Aliona kwenye mawazo yake, jikoni na viwanjani, watu wakisema nzuri kwa mazoea, kisha wakishangaa kwamba sauti bado haijaendelea. Alikuwa na hofu ya kweli, hofu ya mtu anayejua kwamba akikosea atakuwa ameshusha ukuta juu ya vichwa vya watu milioni arobaini, na kwamba majeraha yatakuwa ya wengine, si yake.

"Pishi haijajaa," alisema.

Kisha akawaeleza, bila maneno makubwa. Kwamba miaka kumi na tisa tumewauliza habari na kuondoka kabla hamjamaliza. Kwamba kosa ni la mtu mmoja, jina lake Nyamizi Kasanda. Kwamba namba za wiki iliyopita zinaendelea, migao yote ya nyongeza ikiwemo. Kwamba kuanzia sasa visikizi vitauliza, na vitangoja. "Hatujui tutakachosikia," alimalizia. "Inawezekana kodi ikapanda mahali, mgao ukapungua mahali. Lakini safari hii tutakuwa tumewasikia."

Taa ikazimika yenyewe, kwa wakati wake. Swichi haikuguswa. Nyamizi akaiwasha programu mpya ya visikizi.

Gavana aliingia chumbani, akakaa kwenye kiti cha fundi mitambo, uzito wake wote ukaenda chini. "Ulipouliza habari ukanyamaza," alisema, "nilijikuta nasema ila. Peke yangu, nyuma ya kioo, kama mwendawazimu." Akajifuta uso. "Sasa twende tukaone gharama."

Gharama ilikuwepo; tusidanganyane. Kufikia saa sita mchana unga ulikuwa umepanda kwa asilimia nne katika masoko ya Bukoba na Kigoma, na sukari kwa tano. Gavana alikaa mbele ya ubao wa bei akiwa amekunja mikono kifuani kama mtu anayesikia baridi. Saa nane unga ulikuwa bado kwenye asilimia nne. Saa tisa alimpigia mfanyabiashara mkubwa wa nafaka aliyemfahamu tangu shule, akaweka simu kwenye spika.

"Mbona hupandishi, Rugaimukamu?" aliuliza. Pengine ni gavana pekee aliyewahi kuuliza swali hilo.

"Nipandishe kwa nini?"

"Umesikia tangazo. Tumepima vibaya miaka yote hii."

"Kwani ninyi mlikuwa hamjui?" Sauti ya Rugaimukamu ilijaa mshangao wa kweli. "Sisi tunajua siku zote! Mke wangu akimaliza kujibu kile kidude huwa anakisonya. Mimi nilikuwa nahofia siku moja mtagundua kwa kishindo. Sasa mmesema wenyewe, nahofia nini tena? Acha nile, chakula kinapoa."

Saa kumi unga ulishuka ukawa umepanda kwa asilimia mbili na nusu. Pishi ilikuwa imebashiri kupanda tu, mpaka tisa. Gavana aliitazama namba ile, akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamwomba katibu wake chai.

"Bodi itakufukuza," alimwambia Nyamizi.

"Najua."

"Si wiki hii, lakini. Nani mwingine ataziba tundu?"

Kwenye skrini kubwa ustawi wa Shirikisho ulikuwa ukishuka, tisini na moja, themanini, sabini na mbili, na kila ulivyoshuka ndivyo Nyamizi alivyopumua vizuri zaidi, kama daktari ambaye mgonjwa wake hatimaye ameonyesha panapouma. Ulitua sitini na tatu. Orodha ya kata pembeni mwa skrini ilianza kujipanga upya yenyewe. Mwasengo iliporomoka kutoka juu kabisa hadi karibu na mkiani, na kwenye safu ya mgao wa Jumapili ijayo ile sifuri ilifutika, ikaandikwa namba ambayo ingetosha vibarua wa matuta yote ya kaskazini, na wa kusini pia.

Sheria ilimruhusu Mpimaji kusikiliza kwa sikio lake sauti mia moja kila wiki, bila majina, ili kuhakikisha mashine haikosei. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kuitumia ruhusa hiyo. Sasa alivaa vipokea sauti, akachagua kata kwa kidole.

"Hujambo, mama? Habari za leo?"

"Nzuri."

Kimya. Alisikia upepo, na mbali, sepetu ikikwangua chumvi. Hapakuwa na jina, na hakulihitaji.

"Bado upo?" sauti ikauliza, kwa mashaka.

"Nipo, mama," kisikizi kikajibu.

Ikasikika guno la mtu anayejiweka sawa kwa mazungumzo marefu.

"Haya. Basi vuta kigoda."